Udongo Uliolowa Juu Juu

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Chumvi sijatia hata punje. Ukimsikia mtu akibisha, jua hakuwapo. Na kama alikuwapo, basi alikuwa amesinzia.

Mwaka huo kiangazi kilikataa kuondoka. Kilikuwa kimefika ukingoni, lakini kikafanya kama mgeni aliyekwisha kuaga, kisha akasimama mlangoni na kuanza mazungumzo mapya. Mabati yalilia mchana kutwa. Mbwa walivuka barabara kwa ncha za kucha. Kuku wa mtaa mzima walikuwa wakitaga mayai yaliyokwisha kuchemka, kazi ya watu ikawa kumenya tu.

Katika nyumba ya mwisho ya mtaa huo aliishi msichana wa miaka kumi na miwili pamoja na shangazi yake. Wenzake walimwita Kiberiti, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hakuchelewa kuwaka. Shangazi alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa mbele ya dirisha linalotazama bustani, na siku hizo alikuwa amezamia sare za shule, rundo kwa rundo, hata chai aliinywa mguu ukiwa kwenye kanyagio.

Kila mchana Kiberiti alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akangoja jua lipoe ili amwagilie bustani. Alitakiwa kumwaga makopo kumi na mawili: sita kwenye matuta ya nyanya na bilinganya, na sita kwenye mdimu mchanga uliokuwa katikati ya bustani.

Mdimu huo haukuwa mti wa hivi hivi. Shangazi aliuchukua ukiwa mche, uani kwa marehemu mama yake, wiki ile ile ya mazishi. Alisafiri nao siku mbili ndani ya basi, ameupakata kama mtoto. Nyumba ya mama yake ilikwisha kuuzwa, na ua ule sasa ulikuwa karakana ya magari. Mwaka huu mti ulikuwa umezaa kwa mara ya kwanza: ndimu ishirini na tatu, kila moja kubwa kuliko gololi kidogo tu. Shangazi alizihesabu kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

"Kiberiti, umemwagilia?" aliuliza kila siku bila kuinua macho.

"Nimemwagilia, Shangazi."

Shangazi alitupa jicho dirishani. Akiona udongo mweusi, alirudi kwenye sindano yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Siku moja Kiberiti aligundua kwamba udongo hauhitaji makopo kumi na mawili ili uwe mweusi. Ukinyunyiza kwa mkono mwepesi, huku ukitembea upesi, makopo mawili yanatosha bustani nzima. Tena si lazima kungoja jua lipoe. Saa nane mchana kazi imekwisha, na jioni yote ni ya kuruka kamba.

"Leo umemaliza mapema hivyo?" rafiki yake alimuuliza, kamba mkononi. "Au bustani yenu inajinywesha yenyewe?"

"Mimi nina mikono minne," Kiberiti alijibu. "Zungusha kamba, acha maneno."

Wiki ya kwanza ikapita salama. Wiki ya pili majani ya mdimu yakaanza kujikunja kama karatasi zilizosogezwa karibu na moto. Kisha ndimu zikaanza kudondoka. Zikabaki ishirini, kumi na nne, tisa. Kiberiti aliziokota kabla Shangazi hajaziona, akazitupa nyuma ya choo. Lakini zilizobaki mtini huwezi kuziongeza. Shangazi alihesabu kama kawaida, na kila asubuhi mswaki ulichelewa zaidi.

"Huu mti una nini?" alisema siku ya Alhamisi, amesimama mbele ya mdimu na futi ya kupimia shingoni. "Maji unapata. Naona mwenyewe udongo ulivyolowa."

Kiberiti alitazama vidole vya miguu yake.

Ng'ambo ya ua aliishi mzee mmoja mstaafu, mrefu, mtanashati, mwenye sauti ya kupendeza, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa kwa sababu ya elimu yake pana. Shangazi alimwita. Profesa alichuma jani, akalinusa, akalitafuna, akatema pembeni kwa adabu.

"Mwanangu, huu ni ugonjwa wa mizizi," alitamka. "Jina lake ni refu. Ukianza kulitaja asubuhi, unamaliza adhuhuri."

"Unatibika, Mzee?"

"Hautibiki. Ukate, uchome, kabla haujaambukiza bustani yote. Jumamosi nitakuletea msumeno."

Shangazi alirudi kwenye cherehani, lakini siku hiyo kanyagio halikusikika mpaka jioni.

Ijumaa Kiberiti alimwaga makopo yote sita kwenye mdimu, kwa pupa, jioni. Ardhi ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama sakafu, hivyo maji yaliteleza juu yake, yakafuata mteremko na kuishia njiani, ambako mabata waliyashangilia. Akafikiri: mti ukikatwa, hakuna atakayejua. Wazo hilo lilimpa nafuu kwa muda mfupi sana.

Jumamosi asubuhi Profesa alifika na msumeno uliofungwa kwenye gazeti. Shangazi alitoka, akashika shina la mdimu kwa kiganja, akakaa nalo hivyo kidogo kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kisha akasogea pembeni.

"Haya, Mzee. Fanya upesi."

Meno ya msumeno yaligusa gome.

"Shangazi, usimruhusu!" Kiberiti alipaza sauti. "Mti hauumwi! Una kiu!"

"Kiu?" Profesa alicheka. "Binti, udongo si huo hapo, mweusi? Hata mimi nauona kutoka kwangu."

"Mweusi juu juu, Babu."

Alipiga magoti, akaufukua udongo kwa vidole. Ule weusi ulikuwa mwembamba kama utando wa maziwa. Chini yake palikuwa na vumbi jeupe, kavu, ambalo upepo ulilichukua ukamtia Profesa puani, akapiga chafya saba.

Shangazi alichuchumaa. Alilichota lile vumbi, akaliacha limchuruzike kati ya vidole.

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya tatu."

"Makopo mangapi?"

"Mawili, Shangazi. Bustani yote." Sauti yake ilianza kukatika. "Na ndimu nilizitupa nyuma ya choo ili usizione."

Profesa alianza kuufunga msumeno kwenye gazeti, taratibu, kama mtu aliyekumbuka shughuli kwingine. Shangazi alijipangusa vumbi viganjani, akasimama.

"Lete jembe," alisema hatimaye. "Na lile kopo."

Alimwonyesha namna ya kufinyanga tuta la mviringo kuzunguka mti, mbali kidogo na shina, ili maji yakae kama kwenye sahani na yasikimbie. Akamfundisha kumimina kopo moja, kungoja linyonywe lote, ndipo amimine jingine. Wakatandaza nyasi kavu kufunika udongo, wakaacha nafasi ya kiganja ili zisiguse shina na kuliozesha. Nyanya wakazijengea kivuli cha mabaki ya vitambaa vya sare, bustani ikaonekana kama shule iliyokwenda mapumziko.

"Tutie na mbolea, upone haraka?" Kiberiti aliuliza.

"Mtu aliyezimia kwa kiu unamlisha pilau? Kwanza maji. Mbolea na kupogoa tungoje joto lipungue. Na utamwagilia alfajiri au jua likishazama. Mchana jua linakunywa kabla ya mti."

Kwa siku kumi mdimu haukuonyesha dalili yoyote. Kiberiti aliamka kabla ya mwadhini, akamwaga, akangoja, akamwaga. Kamba aliisikia tu ikipiga chini upande wa pili wa ua. Siku ya kumi na moja majani mawili yalikunjuka. Ndimu zilizobaki zilikuwa nne, na zote nne zikashikilia mpaka mvua ya kwanza.

Siku hiyo ya mvua Shangazi alimwita dirishani.

"Uvivu wako ulitaka kuua mti," alisema. "Lakini uwongo ndio ulioleta msumeno. Ningejua kwamba hukumwagilia, tungemwagilia siku ile ile. Kazi isiyofanywa inaweza kufanywa kesho. Ukisema imefanywa, hakuna atakayeifanya kamwe. Na mimi nilikosea pia, nililima bustani kwa macho, nimekaa kitini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Basi kachukue kamba yako. Wenzako wanaruka mvuani."

Hapo ndipo nilipotaka kuweka nukta. Kwa bahati mbaya Kiberiti alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma.

"Babu, huyu Profesa mrefu, mtanashati, ni nani?"

"Ni mtaalamu mmoja hivi."

"Profesa ni wewe! Na mrefu uko wapi? Shangazi anakuzidi kichwa. Tena wewe ulikuwa mkata tiketi wa mabasi, miti umesomea wapi?"

Nikajitetea kwamba nimesoma vitabu vingi. Akaniuliza lile jina refu la ugonjwa. Ukweli ni kwamba siku ile nilipoulizwa mti una nini, jibu langu lilikuwa "sijui," neno fupi kabisa, na likanishinda kulitamka. Nusura kulikosa neno hilo moja kupeleke mti motoni.

"Shangazi amesema matandazo yameoza, yanahitaji nyasi mpya kutoka bondeni," Kiberiti akasema. "Nami nimesema utazileta wewe."

Nimerudi sasa hivi. Mgongo unalalamika na shingo inawasha. Nimebeba mizigo minane, mikubwa kama nyumba.

Kiberiti bado yuko hapa, anasoma. Anasema ni mitatu.

Haya. Ni mitatu.