Maji ya Chanjo

Kabla ya adhana ya alfajiri Zuleika alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya sigiri, akipuliza makaa. Hii ilikuwa siku ya saba. Siku saba za kuamka mara tatu kila usiku, za macho kuwasha kwa moshi, na za kusinzia darasani mpaka wenzake wakampa jina la Bi Usingizi. Vifaranga themanini hawajui kwamba mtu ana miaka kumi na miwili na yuko darasa la saba. Wakipata baridi hurundikana, na wa chini hukosa pumzi na kufa.

Jumamosi hiyo walikuwa wametawanyika vizuri juu ya maganda ya kahawa, ndani ya duara la maboksi. Joto liliwatosha. Zuleika aliegemeza kichwa ukutani na kufumba macho.

"Leo ni chanjo," bibi yake, Kulusum, alisema kutoka mlangoni. Zuleika alimwita habuba, kama Wanubi wengi wanavyowaita bibi zao. "Nimewaondolea maji ili wapate kiu. Musawo Akwero atafika saa mbili. Teremka chemchemi ukalete jerikeni moja. Si ya bomba! Umesikia?"

"Nimesikia, habuba."

"Ya bomba yametiwa dawa ya kuua vijidudu, na chanjo yenyewe ni kijidudu hai kilichodhoofishwa. Ukiichanganya na maji yale, umeiua."

Bibi alikuwa akijifunga kitambaa magotini. Kila siku alipanda mlima wa Lubaga na ndoo ya sambusa kichwani, na kila jioni magoti yalirudi yamevimba. "Hawa wakikua," alizoea kusema, "nitauza mayai nikiwa nimekaa."

Zuleika alishuka akiburuta ndara. Kwenye bomba la kona alimkuta Nasike, mwenzake wa darasani, akikinga maji.

"Bi Usingizi! Unakwenda wapi na uso kama ndizi iliyokanyagwa?"

"Chemchemi."

"Foleni imefika kwenye gereji, nimetoka kuiona. Kinga hapa, bambi, maskini wewe. Kuku atajuaje kwamba ni maji ya bomba?"

Zuleika aliutazama mteremko. Kushuka kulikuwa kazi, na kurudi na mzigo kungekuwa kazi mara mbili. Akakinga. Kisha, ili asirudi mapema mno, aliketi juu ya jiwe na kusinzia kidogo. Uongo wake ulianza pale, kabla hajafungua mdomo.

Aliporudi, Musawo Akwero, daktari wa mifugo, alikuwa ameshafika na chupa yake ya barafu. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno.

"Maji ya wapi haya?"

"Ya chemchemi," Zuleika alijibu, akitazama viatu vya mgeni.

Akwero alimimina chanjo ndani ya maji, akakoroga, akajaza vyombo. Kwa kiu waliyokuwa nayo, vifaranga walikimbilia maji kama watoto wa shule waliosikia kengele. Kulusum alicheka. Zuleika hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akicheka asubuhi.

"Mmewahi," Akwero alisema. "Kideri kimeingia mtaa wa juu. Jana mtu alizika kuku arobaini."

"Kideri nakijua," Kulusum alisema, na kicheko kikakatika. "Mwaka ule waheshimiwa walituletea vifaranga kwenye maboksi. Wakapiga picha nasi, wakapigiwa makofi. Vifaranga hawakuwa wamechanjwa. Aliyewaagiza alijua, dereva alijua, wote walijua, wakanyamaza. Wiki ya tatu vifaranga wakafa wote. Unajua walisema nini redioni? Kwamba wanawake wa mtaa huu ni wavivu. Nimezeeka, lakini sauti ile bado naisikia."

Hapo jirani yao, Mama Ocaya, aliingia na jagi mkononi, mtoto mgongoni. "Mama Kulusum, nigawie na mimi. Wangu ni thelathini tu."

"Chota, mwanangu. Yapo ya kutosha."

Jagi lilizama. Zuleika alilitazama likijaa maji yasiyo na kazi yoyote. Mama Ocaya angekwenda nyumbani akiamini. Angelala akiamini.

"Usiwape!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, mtoto mgongoni akaanza kulia. "Ni ya bomba. Nilichoka. Nilikinga pale kona."

Mama Ocaya alibaki ameshika jagi hewani. Kulusum aliketi taratibu juu ya kigoda.

"Na mimi nikakuuliza," Akwero alisema.

"Nilidanganya, Musawo."

Akwero alifungua tena chupa ya barafu. "Imebaki chanjo moja, nilimwekea mtu wa Nakawa. Nitampigia aningoje mpaka kesho. Ondoeni maji yote sasa hivi. Nitarudi saa saba, wakiwa na kiu tena. Lakini nataka maji ya chemchemi."

Zuleika alichukua jerikeni. Nyuma yake alisikia fimbo ya bibi ikigonga sakafu.

"Habuba, baki. Magoti yako!"

"Tangulia, nakuja," bibi alisema.

Walishuka polepole. Foleni kweli ilifika kwenye gereji. Waliposimama mwisho wake, Kulusum aliegemea fimbo akavuta pumzi.

"Mtu kuchoka si kosa, Zuleika. Mimi nimechoka tangu hujazaliwa. Ungesema jana 'nimechoka', ningeyaacha maji ya bomba wazi usiku kucha, dawa ikaisha yenyewe, au ningekuja mwenyewe. Uchovu una dawa. Lakini ukinyamaza na kuniachia niamini, umenifanya kama wale wa maboksi walivyonifanya. Tofauti yako na wao ni moja tu: wewe umesema kabla Mama Ocaya hajatoka mlangoni. Ishike hiyo, usiiache kamwe."

Zuleika aliinamisha kichwa. "Nisamehe, habuba."

"Sogeza jerikeni. Foleni inakwenda."

Saa saba vifaranga walikunywa tena, wa kwao na wa Mama Ocaya. Kideri kilishuka mtaa kwa mtaa, kikapita mlangoni mwao bila kuingia, na maboksi yakabaki yamejaa kelele.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku ya kurudia chanjo. Kulusum alisimama mlangoni, jerikeni tupu mkononi.

"Umechoka?"

Zuleika alifikicha macho. "Nimechoka, habuba. Sana."

"Vizuri," alisema bibi, akichukua fimbo yake. "Twende wote."