Ng'ombe wa Biringanya

Fumiyo alikuwa anatoka dukani na biringanya mbili na boksi la chakula cha mtu mmoja. Njia ya mkato ya kurudi nyumbani inapita chini ya ardhi, ndani ya stesheni. Tangu Juni, ugonjwa ulipomchukua binti yake Chihaya, alikuwa akizunguka kwa juu asilione jukwaa ambako mtoto alipandia treni ya kwenda tuisheni. Jioni hiyo mvua ilimlazimisha.

"Mama Chihaya..."

Alikuwa Kuramochi, mhudumu wa jukwaa, mzee wa glovu nyeupe. Alinong'ona.

"Samahani, mama. Hivi mwezi huu mliisindikiza roho ya mtoto? Kwa moto?"

"Ya nyumbani kwangu yanakuhusu nini?"

"Yananihusu. Leo siku ya nane, treni ya saa kumi na mbili na dakika tisa inachelewa dakika nzima kwa sababu yangu. Lazima ninyooshe kidole niseme 'Salama!' ndipo milango ifungwe. Sasa nitasemaje? Kuna mtu kwenye mstari wa njano, ukingoni mwa jukwaa."

"Nani?"

"Kwenye kamera hayupo."

Fumiyo aliutazama mstari. Alijua. Mwezi huu, siku za kila mwaka za kupokea roho za marehemu, aliwasha moto mlangoni, akaweka farasi wa tango lenye miguu ya vijiti amlete mwanawe mbio. Siku tatu nyumba ilinukia shampuu ya Chihaya. Siku ya kuwasindikiza marehemu warudi kwao, majirani wote waliwasha moto wa kuaga. Yeye alizima taa, akamchukua ng'ombe wa biringanya, yule wa kumrudisha marehemu taratibu, akamfungia kwenye friji. Alitaka mtoto abaki. Mama gani asingetaka?

Asubuhi yake nyumba haikunukia chochote.

Sasa upepo wa handaki ulivuma. Ukaja na harufu ya shampuu.

Tone... tone...

Treni ikasimama, milango ikafunguka. Kwenye mstari wa njano palikuwa na nyayo mbili za maji, peku.

Kwenye kioo cha behewa ndiko alikomwona. Chihaya, na sare yake ya shule, akitetemeka kwa baridi. Aliinua mguu. Akaurudisha.

"Mama... nipande nini?"

Fumiyo alipiga magoti. Alichukua vijiti vya kulia vya kwenye boksi. Akivivunja, ndiyo basi tena, hana mtoto. Lakini baridi ile ilikuwa inamtesa mwanawe, na aliyemwacha kwenye baridi ni yeye.

Ta. Ta. Akapata miguu minne. Akaichomeka kwenye biringanya, akamweka ng'ombe mstarini.

"Panda, mwanangu. Nisamehe. Panda taratibu."

Nyayo zikakauka.

Kuramochi akanyoosha kidole.

"Salama!"

Treni iliondoka kwa wakati. Ng'ombe alibaki palepale, mkavu, hakuguswa. Fumiyo alipomwona hivyo, moyo ulimlipuka. Kama hakumpanda huyu, ameondoka na nini? Alikimbia kwenye mvua mpaka nyumbani, akafungua friji.

Ng'ombe wa kwanza alikuwamo. Miguu yake ilikuwa imepinda kwa uzito. Alinukia shampuu.

Na mgongo wake ulikuwa na joto, kama kiti kilichoachwa sasa hivi.

Fumiyo alikaa sakafuni, akamkumbatia kifuani mpaka akapoa.