Ubao wa Juu ya Mlango

Jumanne asubuhi mlango wa nyumba ya wageni ya Sidab, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Waarabu, ulikutwa na pengo juu yake. Ubao wa nakshi uliokuwapo tangu nyumba ijengwe ulikuwa umeng'olewa, misumari imebaki imepinda.

Badr, mwenye nyumba, hakuita polisi. Alimwita binamu yake Ishaq, mpelelezi mstaafu.

"Wameng'oa jina la babu, yakhe," alisema Badr. "Na Alhamisi wakwe wa binti yangu wanafikia hapa. Mie tangu Ijumaa sijatia mguu, nimewaachia mafundi. Muulize huyo Mkenya."

Ishaq alizunguka nyumba kwanza. Aliijua tangu utotoni: kuta za mawe zenye madirisha mapana kiasi cha mtoto kulala ndani, ua katikati, vyumba vya juu vimeuzunguka, dari za boriti kutoka Unguja. Waliokuja kutoka Zanzibar hawana pa kwenda walianzia hapa. Ukoo mzima ulijua kuwa babu yao Farhan aliijenga kwa biashara ya karafuu.

Mkenya aliitwa Levi, fundi rangi. Ishaq alimsimamisha uani mbele ya wenzake, akalimwaga begi lake chini. Zikatoka nguo, sabuni na picha ya mtoto.

"Jana ulitoka hapa saa ngapi?"

"Jioni, mzee. Nilibaki peke yangu nimalize kuukwangua huo ubao. Rangi ya kijani ilikuwa imeshikana kama lami. Chini yake nikakuta maua yamepindana-pindana. Nikayasafisha kwa brashi, nikaenda."

"Ukarudi kuuchukua."

"Niende nao wapi? Pasipoti iko kwa arbabu wangu, bwana Badr aliyeniajiri. Amesema ubao usipopatikana leo, ananirudisha Kenya."

Ishaq alimwacha, akaenda soko la Mutrah kwa Humam, muuza vitu vya kale aliyewahi kuutaka mlango ule.

"Nlitaka mlango, bwana," alisema Humam. "Ubao uliogandana rangi nani ataununua? Nyie wenyewe mnajua una nini?"

"Maua," Ishaq alijibu. Maisha yake yote alijua ni maua. Levi aliyekwangua hasomi Kiarabu, naye aliona maua. Basi hilo jina la babu Badr kalitoa wapi?

Alimkuta Badr chumba cha juu pamoja na binti yake, Noof, aliyekuwa anakunjua mashuka.

"Nani kakwambia ubao una jina?"

"Si kila mtu anajua?"

"Mie sijui, na nimezaliwa nyumba hii. Ulikuja jana, Levi keshaondoka. Ukasoma."

Badr alikaa kitandani. "Uko garini," alisema. "Nlitaka kuuchoma, mkono ukakataa."

Noof alichukua funguo, akashuka, akarudi na ubao umefungwa kwa kikoi. Ishaq akasoma zile herufi za Kiarabu polepole: Kaijenga kwa mkono wake Farhan, mtumwa wa Bibi Sayyida, baada ya kuachwa huru.

"Wale wakwe wanauliza asili kabla hawajauliza jina la bibi harusi," alisema Badr. "Watageuzia mlangoni. Mwache huyo kijana aende kwao. Ukinitaja mie, umejitaja na wewe. Babu yetu mmoja."

"Baba," alisema Noof, "usimbambikie mtu wizi kwa ajili ya ndoa yangu."

Ishaq hakuweza kumtazama. Kwa kitambo kidogo alikuwa amekubali moyoni Levi arudishwe kwao. Na asubuhi alipoambiwa Mkenya, hakumshuku mwingine mpaka alipokwisha kulimwaga begi lake.

Aliteremka. Mafundi walikuwa wanakula wali uani.

"Levi, hukuiba. Kaung'oa ndugu yangu."

"Kwa nini, mzee?"

Ishaq alitaka kusema ni mambo ya nyumbani. Akawatazama wote walioshuhudia asubuhi.

"Umeandikwa kwamba babu yetu alikuwa mtumwa. Tumeona haya, tukakutwisha wewe."

Hakuna aliyecheka. Levi alimaliza tonge lake, akafuta mkono.

"Na pasipoti yangu?"

Ishaq akapanda tena ngazi kuifuata kwa Badr.