Kona ya Jino

Kiwiko cha kwanza kilimpata mwanamume ubavuni. Cha pili kingemkata pumzi kabisa, lau asingekishika kizuizi cha chuma kwa mikono miwili.

"Dada, taratibu! Mbavu hizi ndizo nilizonazo."

"Basi ziondoe mbele yangu," alijibu mwanamke bila kumtazama. "Hapo ulipo nimesimama tangu asubuhi. Nilikwenda kunywa maji tu."

Ilikuwa siku ya mwisho ya mbio kubwa za baiskeli za mwaka ule, na barabara kuu ya mji ilifurika watu pande zote mbili, wamebanana hata mtu hakuweza kujikuna. Mwanamke alivaa gauni jekundu la mikono mifupi, lililoacha wazi mikono minene, iliyokazana: mikono ya mtu aliyeachiwa bucha na baba yake aliyezeeka na aliyeweza kupasua mguu wa ng'ombe kwa pigo moja. Mwanamume alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi barabara, lakini ngozi ya mikono yake ilijaa vidoa vya kuungua, kwa kuwa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma.

Kabla hawajamaliza kugombana, kundi la waendeshaji likaibuka kwenye kona kwa kishindo cha minyororo. Mmoja aligusa tairi la mwenzake. Kundi lote likamwagika. Vyuma vilikwaruzana na lami, watu wakapiga mayowe, na kijana mmoja akarushwa hadi kwenye kizuizi, kikapinda na kumwinamia. Paja lake lilikuwa limechanika, damu ikitoka kwa kuruka.

Mwanamke alivua kitambaa chake cha kichwa, akaruka, akalifunga paja lile kwa nguvu hadi kijana akalia kama mtoto. Alipoinua macho aliona kwamba kizuizi hakikuwaangukia kwa sababu mwanamume wa shati jeupe alikuwa amekiegemeza mgongoni mwake, mishipa ya shingo imemtoka.

"Una mkono mzito, dada," alihema.

"Nauza nyama."

"Ndiyo maana. Nikuite Shoka?"

"Na wewe nikuite nani, Mbavu?"

"Kazini wananiita Cheche."

Shati lake jeupe lilikuwa limelowa damu ya mtu mwingine. Shoka alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, na alichokiona kilimpendeza.

Tangu hapo, kila msimu wa mbio ulipofika, yeye alifunga bucha, Cheche akafunga karakana, wakakutana kituo cha mabasi na kusafiri kuwafuata waendeshaji mji hadi mji. Walisimama juani na mvuani kwa saa nyingi ili kuwaona watu wakipita kwa muda wa kupiga chafya. Waliona mitulinga ya mabegani ikivunjika, wakawaona mashabiki wakitwangana ngumi kwa sababu ya mtu wasiyemjua hata jina la baba yake. Shoka alilala kwa mashabiki wanawake, Cheche kwa wanaume, na miaka yote ile Cheche hakuvuka kizingiti chake. Mbio zilipokwisha, walibaki na simu.

"Haloo, Shoka wangu. Unafanya nini?"

"Navunja mifupa."

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe, kwa leo."

"Alhamdulillahi. Basi sikiliza, mpenzi. Mwaka huu kule mlimani, mdogo wako akishapita, nina neno nataka kukuambia."

"Liseme sasa."

"Halisemwi kwenye simu neno hilo."

Shoka alikata simu akitabasamu, akapasua ubao wa kukatia nyama bila kukusudia.

Mdogo wake huyo ndiye alikuwa mboni ya jicho lake. Mama yao alipofariki, Shoka ndiye aliyemlea, akamfundisha kupanda baiskeli ya kupelekea nyama. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, alikuwa anashindana mlimani pamoja na mabingwa. Mashabiki wana desturi ya kuandika majina ya waendeshaji wanaowapenda barabarani ili wayaone wakipanda. Shoka aliandika jina la mdogo wake kwenye kona ya juu kabisa, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki alipopaka milango ya bucha.

"Rangi ya milango hiyo, mpenzi," Cheche alimtania. "Umeikoleza kama unaziba ukuta."

"Nataka alione hata akifumba macho."

Kesho yake mvua ilinyesha. Mdogo wake alitokea akiwa wa kwanza, peke yake, mdomo wazi, na Shoka, aliyesimama juu ya kona na mlingoti wa bendera mkononi, alipiga ukelele uliomkwaruza koo. Cheche alikuwa chini kidogo, akikimbia ubavuni mwa kijana kama mashabiki wafanyavyo. Shoka aliona mkono wa Cheche ukinyooka. Aliuona ukigusa mgongo. Mara kijana akaruka, akatua kwa nyonga kwenye ukingo wa jiwe, na mlio ule Shoka aliujua, kwa maana aliusikia kila siku mezani pake. Aliyefuata nyuma hakuwahi kukwepa. Alipita juu ya mkono wa kijana kwa magurudumu yote mawili.

"Umemsukuma!" Shoka aliteremka akipaza sauti. "Umemuua mdogo wangu!"

Mlingoti ulimpata Cheche mdomoni. Jino likaruka, likabiringika barabarani. Wengine wakadakia kwa mateke, naye hakuinua mkono kujikinga. Alitazama barabara, akamtazama Shoka, akameza damu.

"Ndiyo," alisema. "Nilimsukuma. Nisamehe."

Kijana alipona, lakini nyonga yake iliungwa kwa misumari, na hakushindana tena. Alirudi nyumbani na fimbo, akafungua meza ya kutengeneza baiskeli kando ya bucha. Simu ya Cheche ilipolia, Shoka aliikata. Ilipoacha kulia, aliikasirikia kwa kuacha. Kazini alishusha shoka kwa hasira hata wateja wakawa wanasogea nyuma.

"Dada, kuhusu Cheche…" mdogo wake alianza.

"Jina hilo lisitajwe chini ya paa hili."

Ilipita miaka kadhaa ndipo mbio zikarudishwa mlima ule. Mashabiki walikuwa wameshaipa kona ile jina, wakiiita Kona ya Jino, na wengi waliocheka kwa jina hilo hawakujua lilikotoka.

"Nipeleke," mdogo wake alimwambia.

"Ukafanye nini kule?"

"Nipeleke, dada. Sijawahi kukuomba kitu tangu nianguke."

Walifika asubuhi, manyunyu yakidondoka. Kwenye kona walikuta wanaume watatu wanampiga mtu aliyepiga magoti. Mtu huyo alikumbatia brashi ya waya, ile mafundi wanayosugulia kutu, na mbele yake jina la bingwa fulani lilikuwa limekwanguliwa nusu.

"Unafuta jina la mtu wetu? Nani amekutuma?"

"Ndugu zangu, andikeni pembeni," alisema yule mtu, damu ikimtiririka puani. "Pembeni siwagusi."

Sauti ile Shoka aliifahamu. Kwa kitambo kidogo moyo wake ulifurahi kumwona akipigwa. Furaha ile ilimtia aibu hadi uzeeni. Kisha mmoja wa wale watu akaokota jiwe.

Shoka hakumbuki alivyofika. Aliudaka mkono wenye jiwe, akausokota hadi ukalia. Wa pili alipokea kiwiko puani, akaketi mwenyewe. Wa tatu alitazama mikono ile minene, akaona heri arudi nyuma.

"Na wewe," Shoka alimgeukia Cheche, kifua kikipanda na kushuka. "Unafanya nini hapa?"

"Nasafisha barabara."

"Kwa nini?"

Cheche aliinama, akaendelea kusugua. Mdogo wake Shoka akasogea na fimbo yake.

"Mwambie, shemeji. Usipomwambia, namwambia mimi."

"Tuliahidiana kule hospitali."

"Tuliahidiana uongo. Nimechoka kuubeba." Kijana akamshika dada yake bega. "Dada, hakunisukuma. Gurudumu la nyuma liliteleza juu ya jina langu. Ile rangi ya milango ikilowa ni kama sabuni kwenye kioo. Yeye alinyoosha mkono kunidaka."

Shoka aliitazama lami. Kisha akaitazama mikono yake. Akaketi palepale kwenye maji.

"Mimi," alisema. "Ni mimi niliyekuvunja."

"Uliniandika mkubwa kuliko bingwa yeyote. Nililiona jina lile kutoka mbali, dada. Nilianguka nikicheka."

Shoka alimkumbatia miguu, akalia kwa sauti, bila kujali waliotazama. Alipomaliza, aliinuka, akafuta uso, akamzaba Cheche kofi lililosikika hadi kona ya chini.

"Hili la nini tena?" Cheche aliuliza, ameshika shavu.

"La kunidanganya!"

"Niliona bora unichukie mimi kuliko ujichukie mwenyewe."

"Uliniuliza? Nabeba mguu wa ng'ombe begani, ukadhani sitaweza kubeba kosa langu? Umenifanya mtoto miaka yote hii. Kumbe ulinipiga kuliko nilivyokupiga."

Cheche alijua kwamba uongo wa huruma nao ni uongo.

"Hilo ni kweli," alisema. "Nilikukosea."

"Lete brashi."

Alipiga magoti na gauni lake zuri, akasugua. Mikono ile ilikuwa na nguvu mara mbili ya Cheche, na rangi iliruka vipande. Yule wa pua iliyovimba aliwatazama, akaondoka, akarudi na ndoo ya mchanga. Akaumwaga konani bila kusema neno.

Pikipiki za waamuzi zikavuma. Kundi likaibuka mvuani, magurudumu yakirusha maji. Gurudumu moja liliyumba palepale, Shoka akauma ngumi yake hadi akaonja damu. Likakamata mchanga, likanyooka, likapita. Wote wakapita. Hakuna aliyeanguka.

Barabara ikabaki tupu, na kelele zikapanda juu mlimani pamoja na mbio.

"Mwaka ule," Shoka alisema, akimfuta Cheche damu kwa upindo wa kitambaa chake, "ulikuwa na neno."

"Nilikuwa na jino pia."

"Liseme neno lako, kabla sijakutoa la pili."

Cheche alimtazama, jicho moja limeanza kufumba kwa uvimbe. "Nije kwa mzee wako?"

"Njoo. Lakini uje na pengo hilo hilo, usilizibe. Nataka kila ukicheka nilione."

"Na mzee akinikataa?"

"Hatakukataa. Atakupiga tu kwanza. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Cheche alijishika mbavu, akacheka, na damu mbichi ikamtoka mdomoni.