Chiriku Alipoacha Kuimba

Kila jioni Chiriku aliosha vyombo huku akiimba. Ndiyo maana akaitwa hivyo. Lakini wiki hii sahani ziligongana tu. Mtoto kimya.

Baba yake alijua sababu, na roho ilimuuma. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwalimu mkuu alimwongezea somo la muziki, darasa la tatu, darasa la binti yake. Chuoni baba huyu alisoma muziki wiki mbili tu, tena kwa kunakili ubaoni. Sasa watoto wakiimba wananguruma, na Ijumaa mkaguzi anakuja. Jumatatu hofu ilimzidi. Hata Chiriku alinguruma, na kwa sauti kuliko wote. Akamwambia mbele ya wenzake, "Wewe chezesha midomo tu. Usitoe sauti."

Jumatano mkewe alimbana mpaka akasema.

"Ulimwambia hivyo mwanao? Nenda kwa jirani sasa hivi. Aibu weka mfukoni!"

Jirani alikuwa fundi cherehani. Pia alifundisha kwaya ya watoto. Mwalimu akamweleza yote.

"Hebu nianzishie huo wimbo wa darasani, mwalimu," alisema fundi.

Mwalimu akakohoa, akaanza kwa sauti yake nzito. Fundi akasimamisha cherehani.

"Basi, basi! Sauti za watoto ziko juu kuliko yako. Ukianza huko chini, hawawezi kufika. Umewavisha suruali yako, halafu unawagombeza kwa kuiburuza."

"Kumbe watoto hawana shida?"

"Shida unayo wewe, kaka yangu. Hukufundishwa. Mtoto mmoja aanzishe kwa sauti inayomfaa. Wengine wasikilize kwanza, kisha wafuate mstari mmoja mmoja. Na usimnyamazishe mtoto. Kuimba anajifunza kwa kuimba."

Alhamisi mwalimu alisimama darasani.

"Nilikosea," alisema. "Chiriku, tuanzishie."

Mtoto akatazama sakafu.

"Kwa sauti kweli, baba?"

"Kwa sauti, mwanangu."

Akaanza, juu kabisa. Wenzake wakasikiliza, wakafuata. Hakuna aliyenguruma.

Ijumaa mkaguzi alisikiliza, akauliza, "Mwalimu, haya umejifunza wapi?"

"Kwa fundi cherehani," alijibu. "Naomba na mimi nipelekwe kwenye mafunzo."

Mkaguzi akacheka, akaandika jina lake.

Jioni ile wimbo ulisikika tena kwenye vyombo. Baba akasogea mlangoni, akaitikia kwa furaha.

"Baba," alisema Chiriku bila kugeuka, "uko chini mno."