Kiu ya Chini ya Sakafu

Siku ya kwanza ya baridi kali, Katungu aliwasha hita, na nyavu za sakafuni zikapuliza harufu ya sabuni. Ingekuwa sabuni tu, heri. Ndani yake mlikuwa na uvundo wa tope lililolala muda mrefu. Kisha, chini ya mbao, kitu kikameza funda.

Papo hapo Katungu akajua kosa lake, na uso ukamwiva kwa aibu.

Tangu Februari, walipohamia nyumba hii ya kupanga hapa Mount Druitt, ugenini ambako baridi huja Juni, kila Jumamosi alideki kama alivyolelewa kwao Butembo: ndoo nzima ya maji mwaa sakafuni, fagio, halafu kuyasukuma yote yatokee kwenye tundu la ukutani. Hapa ukutani hapakuwa na tundu. Lakini sakafuni, kila chumba, palikuwa na wavu wa chuma. Akawasifu Wazungu kwa akili yao, akasukumia maji humo. Miezi minne! Nani angemwambia kwamba yale ni mabomba ya hewa ya moto? Na nani angemwambia kwamba nyumba iliyokaa tupu muda mrefu huwa imeshapata mwenyewe?

Akaacha kumwaga maji. Akadhani yamekwisha.

Maua ya dirishani yakakauka kwa siku moja. Birika alilolijaza asubuhi akalikuta mchana halina hata tone. Siku ya tatu akamkuta Divine, bintiye wa miaka sita, amelala kifudifudi juu ya wavu, anamiminia humo juisi yake.

"She's thirsty, Mummy," Divine alisema. Kiswahili alikielewa chote, lakini hakuwahi kujibu kwacho hata neno moja.

"Nani ana kiu?"

"The lady."

Chini ya wavu pakasikika mtu akilamba.

Fundi aliyetumwa na wakala wa mwenye nyumba aliingia chini ya nyumba na kutoka kabla ya dakika kumi, kofia mkononi, shati limemganda mgongoni. Alisema mabomba yamening'inia kwa uzito wa maji, lakini amepasua moja na ndani ni pakavu kabisa. Kuna michirizi tu, kama sahani iliyolambwa. Je, kuna mtu alimwaga maji humu?

"No," Katungu akajibu haraka. Aliogopa kufukuzwa, ndiyo, lakini zaidi aliogopa kuchekwa. Mama mzima, hajui hita na mtaro!

Akampigia simu Pasta Lazare, mtu wa kwao, anayeombea wagonjwa na kufukuza pepo. Lazare alikuja siku hiyo hiyo na chupa ya maji ya baraka. Kabla ya kuanza alimvuta Katungu kando.

"Mama Divine, uniambie kweli," akanong'ona. "Hii kitu, ulishaipatia kitu? Chakula, maji, ahadi?"

"Hapana, Pasta."

"Hata kidogo?"

"Nimesema hapana."

Kama angefungua mdomo hapo, mambo yangekwisha. Hakufungua. Basi Lazare, ambaye angejua angeleta chumvi kavu, akainamia wavu wa sebuleni na kumimina maji yake, nayo yakaanguka bila kugonga kitu, kana kwamba yamepokewa mdomoni, akahamia wavu wa chumbani na ule wa ukumbini akiliita jina la Yesu, huku kitu kikimfuata chini ya mbao kutoka wavu hadi wavu kama mbuzi anayefuata majani, kikimeza, kikihema, mpaka chupa ilipoisha na kule chini mwanamke akacheua, taratibu, kwa kushiba.

Lazare akatega sikio, akaifunga chupa.

"Haleluya," Lazare akasema kwa sauti ya chini, na Katungu akaitikia. Hita ikapuliza joto safi, halina harufu yoyote. Katungu akalia kwa furaha, na siri yake akaimeza.

Jumamosi alikuwa akipangusa sakafu kwa kitambaa Divine alipokuja na kusimama juu ya wavu, miguu mitupu. Midomo ilikuwa imempasuka. Ngozi ya mikono ilikuwa imekunjamana kama ya bibi kizee.

"Mama Divine," mtoto akasema. Hakusema Mummy. Kiswahili kilimtoka safi, cha mtu mzima. "Leo Jumamosi. Ndoo yangu iko wapi?"

Katungu akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Mtoke mtoto wangu," akanong'ona. "Nakuomba, umtoke."

"Umenizoesha mwenyewe." Kiganja kidogo kikapanda hadi kifuani pa Divine, kikapigapiga, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Na humu mna maji. Machache, lakini mna."

Katungu akachukua ndoo, akaenda kufungua bomba.