Kiti cha Mwanangwa na Mzinga wa Sita

Utasema hii ni chai. Sema. Lakini nakuahidi, ndani ya Tabora hii hii, jua likiwaka, watu wanne waliingia kuiba na silaha isiyo na risasi wala makali, na mlinzi wa geti ndiye aliyewasaidia kuibeba. Na hapo bado sijafika pasipoaminika.

Jumamosi. Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji ya pikipiki, Mtendeni. Oili sakafuni. Komeo mlangoni. Nje fundi anapiga resi makusudi, maneno yasitoke.

Ngollo kaweka plagi kuukuu katikati ya meza.

"Hiki ndicho kiti." Akaweka kifuniko cha soda. "Hili geti." Akaweka funguo. "Hii Noah. Bundala ndani, injini inawaka. Swali?"

"Mafuta nani anaweka?" Hilo la Bundala, dereva, kijana wa Igunga asiyejua kunyamaza.

"Shangazi yako."

Julieth akacheka. Yeye na Ngollo ndio wangeingia kama wapenzi. Mtu wa nne hakucheka. Luhende. Mrina asali wa Sikonge, mikono imejaa makovu ya miiba na moto. Hajawahi kuiba hata kuku. Alikuwa anaitazama ile plagi kama inamtukana.

Mahali penyewe ni Nyumba ya Msafara. Jumba la zamani, kuta nene, lilijengwa enzi misafara inapita hapa kwenda Ujiji. Akalinunua jamaa wa Dar, Emilian, mbunifu wa majumba, akalipaka rangi ya maziwa ya chai. Sasa kila wikendi wanashuka na ndege watu wawili wawili, wapendanao wanaopenda sanaa. Wanatembezwa mjini, wanasuka vikapu, wanalishwa asali kwa kijiko cha mti, wanapigwa picha.

"Mtu anapanda ndege kuja kupendana Tabora," Bundala akasema. "Dar vitanda vimeisha?"

"Nyamaza. Mzigo ni huu," Ngollo akasema. "Simu, saa, dhahabu, kamera. Viko vyumbani wakati wao wako uani wanapigwa picha. Mimi na Julieth tunapita vyumba vyote. Luhende hapa, mchungaji wetu asiyeiba, anachukua kiti chake. Basi. Kiti ni chake, sisi hatukigusi."

"Apa," Luhende akasema.

"Nimesema."

"Apa."

Ngollo akalamba kidole, akakipitisha shingoni. "Haki ya Mungu. Umeridhika?"

Sasa sikia habari ya kiti. Kimechongwa kwa gogo moja, miguu mitatu, mgongo mrefu, na nyuma yake kuna mtu amechongwa, mikono pembeni, macho mbele. Baba wa babu yake Luhende alikuwa mwanangwa, mkuu wa kijiji. Alikikalia akiamua kesi za watu. Hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Kilikuwa ndani kwa baba yake, Mzee Shigela, kimefunikwa shuka.

Emilian alifika Sikonge kutafuta asali, akakiona. "Kaka, niazime wiki mbili tu, maonyesho." Baba alikuwa kanisani. Luhende akakifunga kwenye baiskeli mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akamkabidhi. Wiki mbili zikapita. Alipokwenda kukidai, Emilian akamwambia, "Si ulinipa zawadi? Una ushahidi?" Ofisi zote alizoingia, swali hilo hilo. Una ushahidi?

Tangu siku hiyo Mzee Shigela hakuitikia tena. Kila asubuhi Luhende anasimama mlangoni: "Shikamoo baba." Mzee anampita kama anapita mti. Hajamfukuza. Hajamtukana. Marahaba tu ndiyo imekufa. Kwa hiyo jua kabisa Luhende alifuata nini siku ile. Hakufuata mbao. Alifuata neno moja kutoka mdomoni mwa baba yake.

"Haya, masharti yako," Ngollo akasema.

Luhende akasimama. "Mizinga sita. Mitano mitupu. Wa sita una kundi zima la nyuki, nimeuziba kwa majani mabichi. Nikivuta kamba, wanatoka. Usikimbie ukipunga mikono. Usiue hata mmoja, ukiua mmoja umewaita wote. Na hakuna manukato. Hakuna sabuni ya kunukia. Nyuki wetu hawapendi."

"Na mke?" Bundala akauliza. "Nasikia mrina asali halali na mke kabla ya kazi."

"Ni kweli."

"Basi mimi niko salama, hakuna anayenitaka."

Wakacheka. Ngollo akamtazama Julieth. Julieth akatazama dari.

Saa nane mchana.

Mizinga iliingia kwa mkokoteni. Emilian alikuwa ameagiza "vitu vya asili" vya kupamba ukuta wa ua. Mlinzi akashika upande mmoja wa mzinga wa sita.

"Mbona huu mzito?"

"Mti mbichi," Luhende akasema.

Emilian akatokea. Suruali fupi, viatu bila soksi, simu mbili. Alishakaa na Luhende mkeka mmoja, alishakula ugali wa mama yake. Akamtazama usoni, macho kwa macho.

"Kaka, taratibu na ukuta. Rangi hiyo ni ghali."

Akaondoka.

Hakumjua. Hebu fikiria! Mtu amekunyang'anya baba yako na hata sura yako hakuitunza. Luhende alining'iniza mizinga yote sita, moja moja, na meno yake yalikuwa yanauma kwa kukazwa.

Saa kumi alasiri.

Kiti kikatolewa. Usiku kinafungiwa chumba cha chuma, ndiyo maana mpango ulikuwa wa mchana. Kikawekwa katikati ya ua, juu ya zulia, maua ya karatasi yamezungushwa miguuni. Wapenzi wakapanga foleni. Mwanaume anakaa, mwanamke anakaa mapajani, busu, picha. Wengine wanafuata. Busu, picha. Dada mmoja alivua kiatu akaweka kisigino juu ya kichwa cha yule mtu aliyechongwa. "Nipige hivi, beibi! Hivi!"

Luhende alikuwa ukutani, kamba mkononi, kofia imeshuka machoni. Pembeni yake kopo lenye makaa na kinyesi kikavu cha ng'ombe, moshi mwembamba. Wageni walidhani nalo ni pambo.

Ngollo akapita naye bega kwa bega. Shati jeupe la kitani, miwani, Julieth mkononi. Luhende akanusa. Akamshika kiwiko.

"Umejipaka."

"Kidogo tu. Tajiri wa Dar anuke moshi kama wewe?"

"Nilisema usijipake!"

"Punguza sauti. Mimi nakwenda vyumbani, si uani. Nyuki wako watanifuata chumbani kunitongoza?"

Ilikuwa kweli. Vyumba vina milango. Mtu akifuata mpango, hata akioga hayo manukato, hadhuriki.

"Kaa mbali na kiti," Luhende akasema.

"Kiti ni chako, mchungaji. Si nimeapa?"

Saa kumi na nusu.

Akavuta kamba.

Kwanza kimya. Halafu sauti, kama lori linapanda mlima mbali. Halafu ua mzima ukawa mweusi.

Kelele! Zulia likapinduliwa. Kamera chini. Yule dada wa kisigino akapiga mbio na kiatu kimoja. Mwanaume mmoja akamwacha mchumba wake pale pale, akaruka dirisha, huyo ndani, akafunga. Emilian aliingia jikoni akipiga yowe kuliko wageni wote. Kufumba na kufumbua ua ukabaki na kiti peke yake.

Luhende akachukua kopo lake. Akatembea. Hakukimbia. Moshi mbele, moshi kushoto, moshi kulia. Walimuuma mkononi, shingoni, akakaza meno. Hatua chache tu zimebaki.

Ngollo akatokea upande wa pili.

Hakuwa na begi. Hakuwa na simu ya mtu. Alikuja moja kwa moja, akakikumbatia kiti, akakiinua.

"Ngollo! Weka chini!"

"Kuna tajiri anakisubiri Dar, bwege wewe! Ulidhani nimekuja kuokota visimu?"

"Umeapa!"

"Wewe si mwizi, Luhende. Baki hapa, waombe msamaha."

Akatoka na kiti. Mlinzi alishakimbia. Geti likapigwa. Luhende akasikia komeo la nje likiingia. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa tangu asubuhi: kiti kwa Ngollo, mrina asali kwa polisi, na stori imeisha.

Lakini nyuki hawakuwa kwenye mpango wake. Waliruka juu ya geti kama hakuna geti. Walifuata shati jeupe.

Luhende akatoka kwa mlango wa jikoni. Wapishi wako chini ya meza, Emilian katikati yao.

"Kaka, funga mlango! Funga!"

Alimpita Emilian karibu kiasi cha kumkanyaga vidole. Hakumkanyaga. Hilo analijutia mpaka leo.

Saa kumi na dakika arobaini.

Noah ilikuwa imesimama mita chache kutoka kwenye kona, milango yote wazi. Bundala kashatimua mbio, anapiga kelele akiita bodaboda. Julieth hakuonekana, alijifungia chumbani na ndiko alikokamatwa. Kiti kiko nyuma, kimelala juu ya magunia. Na Ngollo yuko sakafuni.

Usiombe kumwona Ngollo. Sura ilikuwa imepotea. Macho yamezama. Alikuwa ameua nyuki wengi kwa viganja, na kila aliyeuawa aliita ndugu zake. Luhende akafukiza moshi ndani ya gari mpaka wale wadudu wakatawanyika. Akakaa kwenye usukani. Mbali, king'ora.

"Koo," Ngollo akasema. "Linabana. Sipati..."

Luhende akawasha gari. Njia panda si mbali pale. Kushoto hospitali, mwendo wa kumaliza wimbo mmoja. Lakini getini hospitali kuna polisi, na kiti kiko nyuma, na kiti kikikamatwa kinarudi kwa Emilian, maana Luhende hana ushahidi. Kulia njia ya Sikonge.

"Kushoto, kaka," Ngollo akasema.

Hakumwita mchungaji. Mara ya kwanza kumwita kaka.

"Ulifunga komeo."

"Kaka. Kushoto."

"Ulifunga komeo, Ngollo! Ulifunga!" Alikuwa analia kwa hasira, makamasi yanatoka, anapiga usukani kwa ngumi. "Uliapa kwa Mungu!"

Akakata kulia.

Ngollo aliongea kidogo. Alimtaja mama yake, yuko Puge, anaumwa miguu. Halafu akawa anavuta pumzi kama mtu anayenyonya mrija ulioziba. Kwenye daraja, ile sauti ikakoma. Luhende akasimamisha gari. Akageuka. Akaita jina lake mara nyingi. Nje mtu wa baiskeli alipita na madumu ya asali, akapunga mkono kumsalimia. Luhende akapunga.

Saa kumi na mbili jioni.

Mzee Shigela alikuwa uani anachambua majani ya tumbaku. Luhende akashusha kiti. Akakifuta vumbi na ile rangi ya midomo ya watu kwa shati lake mwenyewe. Akakiweka mbele ya baba yake, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

Mzee akakitazama kiti. Akaweka mkono juu ya kile kichwa kilichochongwa. Midomo ikafunguka. Nakwambia ilifunguka! Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Halafu macho yakaenda kwenye gari.

Akanyanyuka. Akaenda taratibu. Akatazama ndani.

"Huyu nani?"

"Ngollo. Mwizi, baba. Alitaka kukiuza."

"Mlipotoka mjini alikuwa hai?"

Luhende hakuwahi kumdanganya baba yake. Hata kile kiti, siku ile ile alimwambia.

"Alikuwa hai."

"Hadi wapi?"

"Hadi darajani."

"Hospitali mliiacha?"

"Tuliiacha."

Mzee akainama ndani ya gari. Akamfunga Ngollo vifungo vya shati, kimoja kimoja, kama unavyomfunga mtoto anayekwenda shule. Akamshika ile sura iliyovimba.

"Pole, mwanangu," akasema.

Mwanangu. Akamwambia mwizi.

Akampita Luhende, akaingia ndani, akafunga mlango. Kiti kikabaki nje. Polisi walipofika usiku walikikuta hapo hapo na umande juu yake, na Luhende amekaa chini, ameegemea mguu mmoja wa kiti. Hakukikalia.

Kiti sasa kiko stoo ya vielelezo, kina karatasi shingoni, kinasubiri kesi. Emilian amefungua tena. Nimeona picha zake kwenye simu: lile zulia lipo, katikati hakuna kitu, na wapenzi wanapanga foleni kubusiana mahali kiti kilipoibiwa. Wanalipia. Na moyo unaniwaka, maana aliyeanza wizi wote huu hajawahi kuulizwa ana ushahidi gani.

Gerejini Mtendeni wanabishana kila siku. Wengine wanasema Ngollo alijiua mwenyewe pale alipofunga komeo. Wengine wanasema mtu akikuita kaka hana kosa tena. Wamefikia kurushiana spana.

Sasa wewe. King'ora kiko nyuma. Neno la baba yako liko kulia, kwenye kiti. Mtu aliyekusaliti yuko sakafuni, anakuomba kushoto. Usukani uko mikononi mwako, na hasira bado ya moto. Ungekata wapi?